New Hampshire 1968: Rais Johnson alishinda mchujo, mbona siku 19 baadaye akajitoa?

#1 Mzee wa Kitunda
Wakuu, heshima mbele. Kuna jambo linanikaa kichwani muda mrefu, leo nalileta hapa.

Tarehe 12 Machi 1968 wapiga kura wa chama cha Democratic katika jimbo la New Hampshire walipiga kura za maoni kumpata mgombea wa urais. Rais aliyekuwa Ikulu, Lyndon Johnson, alipata karibu asilimia 50. Mpinzani wake, Seneta McCarthy aliyepinga vita ya Vietnam, akapata 42. Kwa hesabu ya kawaida Johnson kashinda, kura 27,520 kwa 23,263. Lakini kila ninaposoma habari hii, inaandikwa kana kwamba rais alibwagwa. Tarehe 31 ya mwezi uleule akatokea kwenye televisheni na kutangaza kuwa hagombei tena.

Huyu ndiye aliyeshinda uchaguzi mkuu wa 1964 kwa asilimia 61 ya kura za nchi nzima. Miaka minne haijaisha anafungasha. Nini hasa kilimwondoa? Tafadhali msinijibu "Vietnam" mkaondoka. Nataka tuingie ndani.

#2 Chachandu
Vietnam.

#3 Mzee wa Kitunda
Nilijua tu atatokea mmoja 😂

#4 Bomba la Mvua
Mkuu, McCarthy si ndiye yule aliyekuwa anawasaka Wakomunisti kila ofisi Marekani? Ilikuwaje mtu wa aina ile awe mpinga vita?

#5 Binti Pangani
@Bomba la Mvua hapana, hao ni watu wawili. Msaka Wakomunisti ni Joseph McCarthy, seneta wa Wisconsin, Republican, alifariki 1957. Huyu wa 1968 ni Eugene McCarthy, seneta wa Minnesota, Democratic. Mpole, msomi, mtunzi wa mashairi. Jina la ukoo tu ndilo limefanana.

Hata wapiga kura wenyewe hawakuwa wanamjua vizuri. Kumbuka hilo, maana linagusa swali la mzee.

#6 Nyali Darajani
Salamu kutoka Mombasa. Kabla hatujaenda mbali, kuna kitu ambacho #1 hakukitaja, na bila hicho hesabu haieleweki. Jina la Johnson HALIKUWA kwenye karatasi ya kura. Hakujiandikisha kugombea. Hakukanyaga New Hampshire hata siku moja wakati wa kampeni ile. Kila aliyempigia alilazimika kuliandika jina lake kwa mkono. Gavana wa jimbo, John King, na Seneta McIntyre ndio waliomsimamia kampeni.

Sasa hapo kuna njia mbili za kusoma matokeo. Moja: rais ambaye jina halipo kwenye karatasi na bado anapata karibu nusu ya kura ni mtu mwenye nguvu ya ajabu. Pili: rais wa nchi, mwenye gavana na seneta mgongoni, anashindwa kuvuka nusu mbele ya mtu ambaye utabiri ulimpa kati ya asilimia 10 na 20. Waandishi wa habari wakachukua njia ya pili. Hapo ndipo "ushindi" ukageuka kuwa kipigo.

#7 Kiazi Kikuu
Mnazunguka. Sababu ni Tet, yale mashambulizi ya mwaka mpya wa Kivietinamu. Mwishoni mwa Januari 1968 wapiganaji wa Kaskazini na Viet Cong (waasi wa Kikomunisti wa Kusini) waliishambulia miji ya Vietnam Kusini kwa mpigo, wakaingia mpaka kwenye uwanja wa ubalozi wa Marekani mjini Saigon. Serikali ya Johnson ilikuwa imewaambia watu miezi kadhaa kwamba vita inaelekea ukingoni. Mtu ameketi sebuleni kwake anaona ubalozi unashambuliwa, atakuamini tena?

Halafu Jumapili ya tarehe 10 Machi, siku mbili kabla ya kura, gazeti la New York Times likatoa habari kwamba Jenerali Westmoreland, mkuu wa majeshi ya Marekani Vietnam, anaomba askari wengine 206,000. Siku mbili! Mzazi mwenye kijana wa miaka 19 akisoma habari hiyo asubuhi, Jumanne anakwenda kupiga kura akiwa na hali gani?

#8 Chachandu
Yaani Vietnam. Nilisema #2.

#9 Mwalimu Songea
Hapana, msikimbilie hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwahoji wapiga kura wa mwaka ule. Wakakuta kwamba kati ya waliompigia McCarthy huku wakiwa wamechukizwa na mwenendo wa vita, waliotaka vita IPIGWE KWA NGUVU ZAIDI walikuwa wengi kuliko waliotaka askari warudi, karibu watatu kwa wawili. Soma tena pole pole. Mgombea wa amani alipata kura za watu waliotaka mabomu zaidi. Wengi hawakujua hata msimamo wake juu ya vita ni upi. Walichojua ni kwamba si Johnson.

Kwa hiyo @Kiazi Kikuu, mfano wako wa mzazi unaweza kuwa wa kweli, lakini yule mzazi huenda alitaka Hanoi, mji mkuu wa Kaskazini, ipigwe mpaka iishe ndipo mwanawe arudi. Karatasi ya kura haina mahali pa kuandika sababu.

#10 Kiazi Kikuu
Hiyo naikubali nusu. Waliouza jina la McCarthy mlango kwa mlango walikuwa wanafunzi wa vyuo waliopinga vita, walikuja kwa maelfu. Wavulana walinyoa ndevu na kupunguza nywele ili wasiwaogopeshe wazee wa vijijini. Hiyo ni kazi ya miguu kwenye theluji ya Februari. Utafiti wako unaniambia mpiga kura alifikiri nini, hauniambii nani alimtoa nyumbani.

#11 Binti Pangani
@Kiazi Kikuu hapo kwenye miguu umegusa penyewe. Na upande wa Johnson walijimaliza kwa kadi.

Chama kilichapisha kadi za ahadi zenye namba. Mwanachama anasaini kwamba atamwandika Johnson. Kadi ina vipande vitatu: kimoja anabaki nacho mwenyewe, kimoja kinakwenda ofisi za chama jimboni, kimoja kinapelekwa Ikulu. Watu wa McCarthy wakaanza kuuliza hadharani: siri ya kura imekwenda wapi? Kwa watu wa New Hampshire, ambao gari zao zina maandishi ya "kuishi huru au kufa"... (samahani, sina hakika kama maandishi hayo yalishaanza kwenye gari mwaka ule, lakini kaulimbiu ni yao ya zamani) kadi yenye namba ilikuwa tusi.

#12 Chumvi ya Uvinza
Hii ya kadi imenigusa. Kwetu mjumbe wa nyumba kumi akipita na daftari, hata kama ni la mchango wa harusi, watu wanasaini haraka haraka ili aondoke. Kusaini hakumaanishi lolote. Nadhani Johnson alihesabu saini akadhani anahesabu kura.

#13 Uvira hadi Manchester
Ndugu zangu, mimi naishi Manchester, New Hampshire. Nilikuja kama mkimbizi kutoka Kivu, sasa ni raia. Januari 2024 nilifanya kitu kilekile mnachokizungumzia: niliandika jina la rais kwa mkono.

Ilikuwa hivi. Chama cha Democratic kiliamua South Carolina ianze, lakini sheria ya jimbo letu inataka sisi tutangulie. Jimbo likaendelea tarehe 23 Januari. Biden hakujiandikisha, jina lake halikuwepo. Yalikuwepo majina 21 ya wengine. Nilikwenda kabla ya kazi, bado giza, baridi inakata masikio. Unasema jina na mtaa, mama mmoja mzee anaweka rula chini ya jina lako kwenye orodha na kulipiga mstari. Anakuuliza: ya Democratic au ya Republican? Maana mimi sijajisajili chama chochote, na hapa asiye na chama anachagua karatasi siku ile ile. Ukimaliza, mezani kuna fomu ya kusaini urudi kuwa huna chama. Nilikuwa wa Democratic kwa dakika kumi.

Chini kabisa ya karatasi kuna mstari mtupu na duara lake. Niliogopa kukosea tahajia. Nilimuuliza yule mama, akasema wakielewa ulimkusudia nani, inahesabiwa. Nikaandika herufi kubwa kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Biden alipata karibu asilimia 64. Dean Phillips, ambaye jina lake lilikuwa limechapwa, karibu 20.

#14 Nyali Darajani
Asante sana @Uvira hadi Manchester. Hii ni dhahabu. Yaani Biden bila jina kapata 64, Johnson bila jina kapata chini kidogo ya 50. Kipimo ni kilekile. Johnson alikuwa na hali mbaya kweli.

#15 Mwalimu Songea
@Nyali Darajani na bado Biden hakufika uchaguzi wa Novemba! Alijitoa tarehe 21 Julai 2024 akiwa ameshinda karibu michujo yote. Kwa hiyo mchujo haukutabiri chochote. Kilichomwondoa ni mdahalo wake na Trump wa Juni 27.

#16 Dada wa Grand Rapids
Mchujo ulisema, hamkusikiliza. Mimi niko Michigan. Tarehe 27 Februari 2024 karatasi yetu ilikuwa na jina la Biden na chini mahali pa kuchagua kwamba huegemei kwa yeyote. Watu zaidi ya 100,000 walichagua hapo, kama asilimia 13, sababu kubwa ikiwa Gaza. Dearborn, mji wenye Waarabu wengi, waliokataa kuegemea walimshinda rais mwenyewe, 57 kwa 40. Walioandaa kampeni ile walikuwa wametaja lengo la kura 10,000, kwa sababu Trump alichukua Michigan 2016 kwa tofauti ya kura 10,704.

Kazini kwetu tuko wengi wa Kiswahili, Wakongo na Warundi. Siku ile wakati wa chakula mzozo ulikuwa mkali. Mmoja aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka 17 alisema, "Siwezi kumpigia mtu huku naangalia mahema yanaungua kwenye simu yangu." Mwingine akamjibu kwamba akija yule mwingine, ndugu zake waliobaki kambini hawatapata kuja. Wote wawili walikuwa wanalia. Hawa si watu wa siasa, ni watu wa kufungasha nyama kiwandani.

#17 Bomba la Mvua
Dada pole. Hiyo nimeisoma mara mbili.

#18 Mwalimu Songea
Pole dada, na nakuheshimu kwa kuileta. Ila namba nayo iheshimiwe: 2012 Obama alikuwa peke yake Michigan na bado karibu asilimia 11 walikataa kuegemea kwake. Kumi na moja na kumi na tatu hazipishani sana.

#19 Dada wa Grand Rapids
Kaka Mwalimu, 2012 walikuwa kama 20,800. 2024 walizidi 100,000. Ni mara tano. Usinifichie watu ndani ya asilimia.

#20 Mwalimu Songea
Waliojitokeza pia waliongezeka mara kadhaa, ndiyo maana ya asilimia.

#21 Chumvi ya Uvinza
Wote wawili mko sahihi, na hapo ndipo mwenye uzi anapopataka. Namba moja, hadithi mbili.

#22 Mtu wa Malindi Unguja
Jamani, niwarudishe nyuma kidogo. Johnson hakuwa wa kwanza kuumia New Hampshire. Harry Truman, Machi 11, 1952, alipigwa waziwazi na Seneta Kefauver wa Tennessee, 55 kwa 44. Truman mwanzoni aliidharau michujo. Tarehe 29 mwezi huo akatangaza hagombei. Siku 18. Johnson siku 19. Ule ndio mwaka wa kwanza jimbo lile kuruhusu watu kupiga kura kwa jina la mgombea urais moja kwa moja, kabla ya hapo walichagua tu wajumbe wa kwenda mkutano mkuu wa chama unaomteua mgombea.

Baada yao: Ford 1976 alimpita Reagan pale kwa kura zisizofika 2,000, Novemba akashindwa. Carter 1980 alimshinda Edward Kennedy 47 kwa 37, Novemba akashindwa. Bush mkubwa 1992, Buchanan akapata 37, Novemba akashindwa. Mimi sheria yangu ni moja: rais akitekenywa nyumbani, nje ataanguka.

#23 Binti Pangani
Sheria yako ina tundu. Nixon 1972: pale pale New Hampshire wapinzani wake, McCloskey alipata karibu 20 na Ashbrook karibu 10. Novemba Nixon akachukua majimbo 49 kati ya 50.

#24 Mtu wa Malindi Unguja
Thelathini siyo arobaini, dada. Lakini nimeipokea.

#25 Kiazi Kikuu
Na pia huenda tumegeuza chanzo na matokeo. Ford, Carter na Bush wote walikuwa na uchumi mbaya au, kwa Ford, msamaha aliompa Nixon mgongoni. Mpinzani anajitokeza kwa sababu ananusa udhaifu. Homa haisababishwi na kipimajoto.

#26 Nyoka wa Shaba
Mbona huku kwetu hatuna kitu hiki? CCM 2015 kiti kilipokuwa wazi, makada zaidi ya 30 walirudisha fomu. 2010 na 2020, rais akiwa yupo, fomu ilikuwa moja. Nani atamtikisa?

#27 Nyali Darajani
Kenya ni vivyo hivyo kwa rais. Michujo ya magavana na wabunge watu wanatoana meno, lakini rais akitaka awamu ya pili, chama kinakutana uwanjani na kumshangilia. Halafu nyie Watanzania mnaita "kura za maoni", sisi "mchujo". Naona mwenye uzi kaandika yote mawili ili asigombane na mtu.

#28 Mzee wa Kitunda
Nimelelewa hivyo 😄 Lakini tusihamie Dodoma, mods wataufunga uzi. Turudi. Wajumbe je? Nimeona mahali kwamba McCarthy ndiye aliyepata wajumbe wengi. Inawezekanaje na kura kazidiwa?

#29 Binti Pangani
Ndiyo, alipata 20 kati ya 24. Wajumbe walipigiwa kura yao peke yake. Watu wa McCarthy walisimamisha idadi iliyotosha viti. Upande wa Johnson hakukuwa na nidhamu, watu 45 walijitokeza kugombea viti 24 kila mmoja akitaka sifa ya kumwakilisha rais, wakagawana kura. Kwa hiyo hata ukitaka kusema Johnson alishinda, mkutanoni angekwenda na wajumbe wanne.

Na Republican nao waliandika jina la McCarthy kwenye karatasi zao. Ukijumlisha kura za pande zote mbili, pengo kati yake na Johnson linabaki mamia machache tu.

#30 Bomba la Mvua
Hapo sasa nimeelewa kwa nini waliandika kipigo.

#31 Jahazi la Tanga
Naona wote mmemsahau Seneta Robert Kennedy, mdogo wake Rais John Kennedy. Ndiye aliyemwangusha kwenye kura hizo za New Hampshire.

#32 Nyali Darajani
@Jahazi la Tanga Kennedy hakuwepo New Hampshire. Alitangaza kugombea tarehe 16 Machi, siku nne BAADA ya kura. Wanafunzi wa McCarthy walimkasirikia sana kwa kuvuna shamba wasilolimia watu wake.

#33 Jahazi la Tanga
Asante kwa kunisahihisha. Lakini basi hoja yangu inapata nguvu zaidi: Johnson hakumwogopa McCarthy, aliogopa kwamba 42 ya McCarthy ilikuwa mlango wa Kennedy. Walichukiana tangu zamani.

#34 Mwalimu Songea
Mimi naongeza jingine. Johnson alipata mshtuko mkubwa wa moyo 1955. Wanaume wa ukoo wake walikufa mapema na yeye alilijua hilo. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo la kutogombea alikuwa nalo kabla ya New Hampshire, na kwamba alikaribia kulitangaza kwenye hotuba ya Januari ya hali ya taifa. Alifariki tarehe 22 Januari 1973. Kama angeshinda 1968, muhula ungekwisha tarehe 20 Januari 1973. Siku mbili, ndugu zangu.

#35 Mzee wa Kitunda
Hii sikuijua. Siku mbili.

#36 Kiazi Kikuu
Mtu akijitoa, ndipo anapokumbuka kwamba alitaka kujitoa zamani. Tarehe 2 Aprili kulikuwa na mchujo wa Wisconsin na watu wake walishamwambia atapigwa vibaya. Alitangaza tarehe 31 Machi, siku mbili kabla. Jina lake huko halikuondolewa kwenye karatasi, na McCarthy akapata 56, yeye 35. Mnaona afya, mimi naona kalenda.

#37 Chumvi ya Uvinza
Siku mbili hapa, siku mbili pale. Kila mtu ana siku mbili zake.

#38 Dada wa Grand Rapids
Kinachoniuma ni mwisho wake. Walijitahidi vile, wakanyoa ndevu, wakatembea kwenye theluji, na mgombea aliyepitishwa kwenye mkutano mkuu wa chama Chicago Agosti alikuwa Humphrey, makamu wa Johnson, ambaye hakushiriki mchujo hata mmoja. Nje ya ukumbi vijana walipigwa virungu. Sheria za chama zikabadilishwa baadaye, na kuanzia 1972 michujo ndiyo inayoamua. Hiyo nguvu mnayoisifia leo, 1968 haikuwepo. Ilikuwa kelele tu.

#39 Binti Pangani
Kelele iliyomwondoa rais, dada.

#40 Dada wa Grand Rapids
Kama kweli ndiyo iliyomwondoa.

#41 Nyoka wa Shaba
@Uvira hadi Manchester una wazee wa huko waliokuwepo 1968? Waulize.

#42 Uvira hadi Manchester
Yupo jirani yangu, bibi wa miaka 80 na kitu. Namsafishia theluji mlangoni. Nitamuuliza Jumapili.

#43 Mzee wa Kitunda
Tunasubiri mkuu. Uzi usifungwe.

#44 Uvira hadi Manchester
Nimerudi. Nimekaa naye jikoni karibu saa nzima.

Anasema nyumba yao iligawanyika. Mumewe, fundi wa mitambo, alimpigia McCarthy. Nikamuuliza, alipinga vita? Akacheka. Anasema mumewe alikuwa anataka jeshi liachiwe limalize kazi, na alimkasirikia Johnson kwa kuvuta vuta. Mwanafunzi aliyegonga mlango wao alikuwa kijana mwenye tai, wakampa supu kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimelowa. Hawakuzungumza vita kabisa. Waliongea kuhusu masomo yake.

Yeye mwenyewe aliandika Johnson. Nikamuuliza kwa nini. Alikuwa amesaini ile kadi, ndugu wa mumewe ndiye aliyeileta. Alijua hakuna atakayeona karatasi yake ya kura, lakini anasema alipoishika ile kalamu alikumbuka ile namba ya kadi.

#45 Mwalimu Songea
Mume wa McCarthy mwenye kutaka vita zaidi, mke wa Johnson kwa ajili ya kadi. Na wote wamehesabiwa kwenye zile 42 na karibu 50 zetu.

#46 Kiazi Kikuu
Na supu je? Bila yule kijana wa viatu vilivyolowa, mzee angetoka nyumbani siku ile?

#47 Binti Pangani
Mkuu wa Manchester, kipande chake cha kadi bado anacho?

#48 Uvira hadi Manchester
Nilimuuliza. Alifungua droo ya vijiko tukatafuta wote wawili. Kulikuwa na risiti, betri, funguo za gari waliloliuza zamani. Anasema kilikaa humo miaka mingi. Hatukukiona.